Chumba cha nyuma kinalala bure? Namna ya kuvuta wageni pale Buluo



Tuanze na picha moja. Ni siku ya posho, jua linaanguka. Gari la abiria kutoka Lubumbashi limechelewa. Mama mmoja anashuka na kikapu kizito: unga, samaki wa kukauka, sabuni, chumvi. Mtoto wake amefungwa katika gereza la Buluo (wengine wanaliandika Buluwo), na katika magereza ya inchi yetu mfungwa asiyeletewa chakula na jamaa yake ana shida kubwa. Mama hawezi kuingia leo, saa zimepita. Anamuuliza kijana mmoja njiani: "Mwana, hapa mutu wa safari analala wapi?" Kijana anainua mabega: "Jaribu kule mujini, mama."

Sasa tuingie ndani ya lupango lako. Nyuma ya nyumba kubwa kuna aneksi. Zamani mdogo wa bwana alikaa pale, halafu alienda Kolwezi kutafuta kazi. Leo ndani kuna kiti kimoja kilichovunjika, mfuko wa simenti uliogeuka jiwe, na panya. Mlango umefungwa na kamba.

Mama yule anatafuta pa kulala. Wewe unatafuta feza ya masomo ya watoto. Kati yenu kuna ukuta mmoja wa matofali, na hakuna anayejua habari ya mwenzake. Mwezi huu tuongee juu ya ukuta ule na namna ya kutoboa mlango ndani yake.

Posho ilikwisha, nyumba ilibaki

Wazee wetu walipofika kufanya kazi ya Union Minière, ile kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, walipata nyumba, unga wa posho, masomo ya watoto na hospitali. Ndiyo sababu mpaka leo tunasema "siku ya posho". Serikali ilipoichukua kampuni mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines, na desturi ile iliendelea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka mmoja. Baba aliyefanya kazi pale hakufikiri kupangisha chumba. Kwa nini afikiri? Mwezi ukiisha, mshahara uko.

Halafu mambo yaligeuka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 maduka na mali ya watu viliporwa. Mwaka 1994 shaba yote iliyotoka haikufika hata tani 40,000. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa départ volontaire: walipewa feza mara moja, na ndiyo kwisha. Wengi wenu mnajua feza ile ilienda wapi. Ilikula madeni, ilikula biashara isiyojulikana, ilikwisha. Kilichobaki kwa jamaa nyingi ni paa na kuta.

Leo kampuni za madini ni nyingi, na magari makubwa ya shaba na kobalti yanapita Likasi usiku na mchana. Lakini kazi nyingi ni za mkataba mfupi. Watu wanakuja, wanakaa siku tano, wanaenda. Wewe unaona vumbi lao tu. Mtu mwenye akili anauliza: watu hawa wanaopita, wanalala wapi?

Kwanza ujue mgeni wako ni nani

Kosa la kwanza la watu wengi ni kusema: "Nitapokea kila mutu." Ukiita kila mtu, hakuna anayesikia kwamba umemwita yeye. Tuwahesabu wageni wanaofika kwetu.

Wa kwanza ni jamaa za wafungwa. Hawa Buluo yenyewe ndiyo inawaleta, hawatoki kwa mapenzi. Hawana feza nyingi. Wanahitaji usiku mmoja au mbili, mahali pa kupikia chakula cha kupeleka, na mtu wa kuwaambia saa za kuonana na mfungwa. Hawahitaji televizyo.

Wa pili ni mafundi: wa mashine, wa umeme, wa magari, wanaoitwa kwa kazi ya juma moja. Hawa wanalipa vizuri zaidi, lakini wanaamka saa kumi na moja asubuhi na wanarudi na jasho. Wanahitaji maji mengi, kuran ya kuchaji telefoni, na chai ya mapema.

Wa tatu ni watu wa matanga na wa arusi. Wanakuja wengi pamoja. Jamaa ya marehemu haina nafasi ya kuwalaza wote, inatafuta vyumba kwa majirani.

Wa nne ni wazazi wanaoleta mtoto kwenye Université de Likasi, na wachuuzi wanaofuata bidhaa.

Wa tano ni madereva wa magari makubwa, wengine kutoka Zambia na Tanzania. Tuseme kweli: dereva hawezi kuacha mzigo wake mbali. Kama huna uwanja wenye ulinzi wa kuweka gari, usijisumbue naye. Atalala garini.

Wako pia wachache wanaofuata historia. Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Mwezi wa tisa mwaka 1961 askari zaidi ya 150 wa Irlandi, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizungukwa hapa na jeshi la Katanga, wakapigana siku kadhaa mpaka maji na risasi viliwaishia. Mwaka 2016 filamu ilitolewa juu yao, na tangu hapo wageni fulani wa mbali wanapenda kuona mahali penyewe. Ukimpata mmoja, ni bahati. Lakini usijenge biashara juu ya bahati.

Chagua wageni wa aina moja, au mbili. Kwa jamaa nyingi za Buluo, wale wa kwanza na wa pili wanatosha.

Vitu vinne kabla ya rangi

Watu wakitaka kupokea wageni wanakimbilia kununua mapazia. Ngoja kwanza. Mgeni aliyechoka anatazama vitu vinne, hata kama hasemi.

*Mlango.* Je, unafungika kwa ndani? Je, una ufunguo ambao mgeni anaweza kutembea nao? Kamba si kufuli. Mwanamke anayesafiri peke yake ataangalia mlango kabla ya kuangalia kitanda. Weka kitasa kizuri, au kadena yenye funguo mbili: moja yake, moja yako, na yako usiitumie kama mgeni hayupo bila kumwambia.

*Choo na mahali pa kuogea.* Mpango wa choo chako unasema habari yako kuliko sebule yako. Majivu, fagio, mfuniko, karatasi, maji ya kunawa na sabuni. Lango la kuogea liwe na mlango wa kweli, si gunia lenye tundu. Kazi hii haitaki feza nyingi, inataka mikono.

*Maji.* Bomba la Regideso tunalijua: leo linatoka, kesho linakauka. Kwa hiyo mgeni asikute maneno, akute bidoni mbili za lita 20 zimejaa, moja ya kuoga, nyingine ya kazi nyingine. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe katika chombo chenye mfuniko. Mgeni akishikwa na tumbo kwako, habari itafika Lubumbashi kabla yake.

*Kitanda.* Matela ianikwe juani kila juma, na ukague pembe zake kama kuna kunguni. Kila kitanda kiwe na mashuka mara mbili: moja kitandani, moja kwenye kamba. Chagua mashuka meupe au ya rangi nyepesi. Mama mwingine atasema: "Ya rangi nyeusi haionyeshe uchafu." Ndiyo, mama, na ndiyo sababu mgeni hapendi! Anataka kuona kwa macho yake kwamba ni safi. Na chandarua kisiwe na tundu. Malaria kwetu si hadithi.

Hapa tuweke onyo moja, na tunaomba ulisome polepole. Mwezi wa sita na wa saba Likasi ni baridi. Mji wetu uko juu, zaidi ya meta 1,200, na usiku upepo unauma. Watu wengine wanaingiza mbabula ya makala chumbani ili kupata joto, wanafunga dirisha, wanalala. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinamuuma, anasinzia, na asubuhi haamki. Kwa hiyo usimpe mgeni mbabula ya kulala nayo, hata akikuomba, hata akikulipa. Mpe bulangeti la pili. Tena acha tundu za hewa juu ya dirisha zibaki wazi. Kitu kimoja tu kikibaki kichwani mwako katika makala hii, kiwe hiki.

Hesabu kabla ya kujisifu

Sasa kalamu na karatasi. Namba hizi ni mfano tu. Wewe utaweka zako kufuatana na bei za kwenu.

Tuseme usiku mmoja ni franga 15,000. Sabuni, maji, makala ya chai, kuran, na kufua mashuka vinakula franga 4,000. Unabaki na 11,000. Ukipata usiku 8 kwa mwezi, ni franga 88,000.

Tuseme pia ulitumia 440,000 kwa kuanza: matela, mashuka, bulangeti, chandarua, kitasa, chokaa ya ukuta. Ugawe 440,000 kwa 88,000: ni miezi 5 ya kurudisha mali yako. Katika miezi ile mitano usiseme umepata faida. Umerudisha deni tu, hata kama deni lile ni la mfuko wako mwenyewe.

Na kuna swali ambalo watu hawapendi kuliuliza. Aneksi ileile ungeweza kumpa lokatere wa mwezi. Tuseme anakulipa 70,000 kila mwezi, na wewe hufui shuka hata moja. Ugawe 70,000 kwa 11,000: unakuta usiku 6 na kidogo. Maana yake, ukipata usiku 6 tu katika mwezi, umechoka bure, heri lokatere. Ukipata 7, umempita kidogo sana. Ukipata 12, ni 132,000, na hapo ndipo kazi yako inaonekana.

Kwa hiyo usimfukuze lokatere mwema kwa sababu umesikia jirani anapokea wageni. Fanya jaribio la miezi mitatu kama chumba kiko wazi. Andika kila usiku katika daftari. Daftari halina haya, litakuambia kweli.

Juu ya bei, mambo mawili. Bei iwe moja, iandikwe, iwe kwa usiku mmoja na iseme ni kwa watu wangapi. Tena iseme kilichomo: maji ya kuoga, chai, matumizi ya mbabula nje kwa kupika. Mgeni hachukii bei. Anachukia bei inayozaliwa watoto usiku: "maji ni mbali, taa ni mbali". Na mgeni wa juma nzima unaweza kumpunguzia, kwa maana hukufua mashuka kila siku.

Watakujuaje?

Chumba ni safi, daftari liko tayari. Sasa mgeni atajuaje?

Kwa wengi wetu habari inaanzia mdomoni. Kuna watu wanaokutana na wageni kabla yako: vijana wa taksi-moto, wamama wanaouza kwenye paki ya magari, wenye butiki ya kona. Waite, uwaonyeshe chumba chenyewe. Mtu hawezi kusifu kitu asichokiona. Yule kijana aliyeinua mabega mwanzoni angekuwa ameona chumba chako, angesema: "Njoo mama, kuko nyumba moja hapa, nakupeleka." Ukipenda, mpe kitu kidogo kwa kila mgeni aliyemleta, lakini kitoke katika sehemu yako, kisiongezwe juu ya bei ya mgeni.

Pili, kibao. Maneno machache, herufi kubwa, namba ya telefoni. "CHUMBA CHA WAGENI, USIKU AU JUMA." Kabla ya kukitundika, pita kwa shefu wa kartie na ofisi ya komine, uulize karatasi na kodi zinazotakiwa. Ni afazali kuuliza mbele kuliko kuitwa nyuma.

Tatu, telefoni. Hapa tuwasimulie habari ya mbali. Mwaka 2007, mjini San Francisco, Marekani, vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, walikosa feza ya kulipa nyumba. Wakati ule hoteli za mji zilijaa juu ya mkutano mkubwa. Vijana wale walipuliza matela za hewa sebuleni mwao, wakapata wageni watatu, wakawalipisha dolari 80 kila mmoja na kuwapa chakula cha asubuhi. Kutoka pale ilizaliwa kampuni ya Airbnb, inayojulikana leo duniani pote.

Lakini sikilizeni sehemu inayotuhusu. Mwanzoni biashara yao ililala, hata New York. Walipochunguza waliona sababu: picha za nyumba zilikuwa mbaya, za giza. Wakachukua kamera, wakaenda wenyewe nyumba kwa nyumba, wakapiga picha nzuri, na mapato yakapanda. Nyumba zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa mtu aliye mbali sasa aliweza kuona.

Kwa hiyo piga picha asubuhi, dirisha likiwa wazi, kitanda kimetandikwa. Piga ya chumba, ya mlango na kitasa, ya mahali pa kuogea, na ndiyo, ya choo. Zitume kwa WhatsApp kwa kikundi cha jamaa, cha wanafunzi wa zamani, cha wafanyakazi wenza wa bwana waliohamia Kolwezi na Lubumbashi. Andika maneno ya kweli. Kama maji yanatoka saa kumi usiku tu, sema: "Bomba linatoka usiku, lakini tunaweka akiba ya bidoni." Kama barabara ya kufika ni ya vumbi, sema. Mgeni aliyeambiwa ukweli anavumilia. Mgeni aliyedanganywa anaona ubaya hata mahali usipokuwa.

Anayetaka kuwekewa nafasi, mwombe sehemu ya bei kwa M-Pesa au Airtel Money, na umwandikie jibu kwamba imefika. Telefoni ikilia, mtu aijibu. Namba isiyojibiwa ni sawa na mlango wenye kamba.

Na dawa kubwa kuliko zote ni hii: mgeni akisha kuondoka, kesho yake mtumie ujumbe mfupi. "Mama, ulifika salama?" Haiombi kitu. Lakini siku dada yake atakaposafiri, jina la kwanza litakalomtoka mdomoni ni lako.

Nyumba ibaki nyumba

Baba na mama, hapa tuongee kama watu wazima. Wengi wanaogopa kupokea wageni juu ya heshima ya nyumba, na hawaogopi bure. Chumba cha wageni kinaweza kugeuka mahali pa aibu, na watoto wako wanaona.

Basi muweke sheria toka siku ya kwanza, muziandike nyuma ya mlango. Hakuna kukodi kwa saa. Anayeingia anaandikwa jina, anakotoka, na namba ya kadi ya uchaguzi au pasipoti, na mgeni wa inchi nyingine umpeleke habari zake kwa wanaohusika. Aliyelipa mmoja analala mmoja. Lango linafungwa saa fulani.

Binti yako asitumwe kupeleka maji au chai chumbani kwa mgeni, hata mgeni akiwa mzee wa mvi. Kazi hiyo ni ya mama au baba. Mtoto asipokee feza wala zawadi bila ninyi kujua. Mgeni mwema hatakasirika, atasema: "Hii nyumba iko na wenyewe." Na yule atakayekasirika, heri akasirike akiwa nje.

Ninyi pia muwe na ulimi mfupi. Mama aliyekuja kumwona mfungwa ameulizwa maswali ya kutosha njiani. Usimuulize mtoto wake aliiba au aliua. Muulize: "Umekula?" Asubuhi mwonyeshe njia, mpe moto wa kupikia bukari na sombe. Akirudi jioni na macho mekundu, mwachie nafasi. Kuna wageni ambao hawatakumbuka rangi ya ukuta wako, lakini watakumbuka kwamba hukuuliza.

Usimuulize kabila

Kuna jambo moja la mji wetu ambalo wazee hawalitaji sana, na hatutaki kulipita. Mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu yao walilala kwenye gari-moshi la Likasi, ndani ya stasyo na pembeni yake, na katika masomo, wakingojea treni ya kuwapeleka. Walikuwa majirani. Wengi walizaliwa hapa. Walingoja juma kwa juma, miezi kwa miezi, na magonjwa yaliingia, na wengi walikufa pale, zaidi watoto. Kulikuwa na vyumba mjini. Kulikuwa na milango. Mingi haikufunguliwa, mingine kwa chuki, mingine kwa woga, maana aliyefungua naye angeweza kuchomewa. Kulikuwa pia na watu waliopeleka unga usiku kwa siri.

Kwa nini tunakumbusha hayo katika habari ya kupangisha chumba? Kwa sababu mwenye chumba ana uwezo mdogo ambao ni mkubwa. Ni yeye anayesema "ingia" au "hakuna nafasi". Ukiweka bei moja, ni bei moja kwa Mluba, kwa Msanga, kwa Mlamba, kwa Mrundi, kwa Mchina. Ukisikia jina la mgeni katika telefoni na chumba kikajaa ghafula, umerudi mwaka 1992, hata kama hukupiga mtu.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni wa wapi.

Kuanzia kesho

Hatukuambii utatajirika. Chumba kimoja hakitarudisha Gécamines ya zamani, na hakitalipa madeni yote. Lakini franga za usiku kumi na mbili zinaweza kubakisha mtoto mmoja darasani. Na mtoto anayebaki darasani si jambo dogo katika Likasi ya leo.

Anza bila feza. Kesho fungua mlango ule wenye kamba. Toa kiti kilichovunjika, toa mfuko wa simenti, fukuza panya, fagia, fungua dirisha. Halafu lala mle ndani wewe mwenyewe, bibi na bwana, usiku mmoja mzima. Utajua paa linavuja wapi, mlango unalia namna gani, mbu wanaingilia wapi, na choo ni mbali kiasi gani saa nane za usiku. Usiku huo mmoja utakufundisha kuliko gazeti lolote.

Halafu nenda kamwonyeshe yule kijana wa taksi-moto, asiinue tena mabega.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Chumba chetu cha nyuma, tukimpa lokatere ni ngapi kwa mwezi? Tunahitaji usiku wa wageni wangapi ili tumpite?

2. Wageni gani wanapita karibu na lango letu kila juma, na wanakosa nini?

3. Nani atajibu telefoni, nani atafua, nani atapeleka maji? Je, kazi yote itaanguka juu ya mama peke yake? Na feza, nani ataishika?

4. Je, kuna mtu ambaye tungemwambia "hakuna nafasi" juu ya jina lake tu? Tujibu bila kudanganyana.